Kichwa Chako Kina Bei! Hivi Ndivyo Poka ya Bounti Inavyochezwa, na Kwa Nini Wasee Wengi Wanachomeka

Picha ndio hii. Ni Jumamosi usiku, uko Nairobi, umekaa kwenye meza ya poka na wasee wengine wanane. Umelipa 2,200 bob kuingia. Mambo yanakuendea poa. Mbele yako kuna chipu 30,000 na hakuna mtu kwenye meza mwenye rundo kubwa kuliko lako.

Zamu inazunguka. Mmoja baada ya mwingine wanatupa kadi, hadi inafika kwa jamaa wa kofia. Huyu amebaki na chipu 6,000 tu. Anaangalia kadi zake, anakohoa kidogo, halafu anasukuma zote katikati. Msee anayemfuata anatupa. Umebaki wewe.

Unachungulia zako: 9 na 7, alama tofauti.

Kwenye tonamenti ya kawaida hizo ni takataka. Unatupa, unaitisha maji, unangoja mkono mwingine. Lakini hii si tonamenti ya kawaida. Jamaa wa kofia ana bei kichwani. Ukimtoa, unalipwa doo papo hapo, hata kama wewe mwenyewe utatoka dakika tano baadaye.

Unaitikia ama unatupa?

Usijibu bado. Wasee wengi wanajibu kwa moyo, na ndio maana wanaenda home na mat ya mwisho wakiwa wameinama. Kuna maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuweka hata chipu moja. Tukimaliza nayo, tutarudi kwa jamaa wa kofia na utajua la kufanya bila kubahatisha.

Kwanza, kwa wale wa kadi ya mtaa

Kama kadi unayoijua ni ile ya kusema "niko kadi" ukibakisha moja mkononi, usijali. Poka inayochezwa zaidi duniani inaitwa Texas Hold'em, na msingi wake ni mwepesi. Kila mtu anapewa kadi mbili za siri. Katikati ya meza zinafunguliwa kadi tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Mwenye kadi tano kali zaidi, akichanganya zake na za meza, anabeba poti, yaani chipu zote zilizowekwa katikati.

Kila mkono kuna wawili wanaolazimishwa kuweka chipu kabla hata ya kuona kadi. Hizo zinaitwa blaindi, ndogo na kubwa. Siku hizi tonamenti nyingi zina chipu nyingine ya lazima juu ya blaindi, nayo inaitwa ante. Bila hizo watu wangekaa wakingoja A mbili mpaka asubuhi.

Kitu kingine muhimu: chipu za tonamenti si pesa. Huwezi kuinuka katikati ya mchezo uende nazo dirishani ubadilishiwe. Unacheza mpaka ziishe, ama mpaka ubaki wewe peke yako. Wachache wa mwisho ndio wanalipwa, na wa kwanza anapata mnono zaidi.

Hiyo ndiyo tonamenti ya kawaida. Unaweza kucheza masaa sita, uwatoe watu wanane, halafu utoke nafasi moja kabla ya malipo. Unaenda na nini? Na hadithi tu.

Bounti inaingia wapi?

Bounti inabadilisha hiyo stori. Badala ya pesa zako zote kwenda kwa zawadi za mwisho, sehemu fulani inabandikwa kwenye kichwa chako. Atakayekutoa anaichukua.

Tuseme ile 2,200 yako imegawanywa hivi: 200 ni ya nyumba, 1,000 inaenda kwa zawadi, na 1,000 inakaa kichwani mwako. Wakiingia watu 100, zawadi ni 100,000 na vichwa vyote pamoja ni 100,000. Nusu ya mzigo wote inatembea juu ya mabega ya watu, na hiyo ndiyo sababu kila mtu anakuangalia vile.

Kuna aina tatu ambazo utakutana nazo.

Ya kwanza ni nokauti ya kawaida, ama KO. Bei ya kila kichwa ni moja mwanzo hadi mwisho. Ukimtoa mtu, unapewa 1,000. Ukitoa watatu, una 3,000 na tiketi yako imeshajilipa. Hakuna hesabu ngumu.

Ya pili ni nokauti inayokua, ile utaona imeandikwa PKO. Hapa ndipo utamu na sumu ziko pamoja. Ukimtoa mtu, nusu ya bei ya kichwa chake unapewa mkononi, na nusu nyingine inaongezwa kwa kichwa chako. Yaani kila ukiua, wewe mwenyewe unakuwa mtamu zaidi.

Fuata hii. Unaanza na kichwa cha 1,000. Unamtoa wa kwanza mwenye 1,000: mfukoni 500, kichwa chako sasa 1,500. Unamtoa wa pili mwenye 1,000: mfukoni 500 nyingine, kichwa 2,000. Unamtoa mwindaji mwenzako ambaye kichwa chake kimefika 3,000: mfukoni 1,500, kichwa chako 3,500. Umetia mfukoni 2,500, tiketi imerudi na bado uko ndani. Lakini sasa kila mtu kwenye meza anajua kwamba akikuangusha anapata 1,750 hapo hapo, na 1,750 nyingine inakaa kichwani mwake. Anayeshinda tonamenti nzima huwa anachukua na kichwa chake mwenyewe.

Ya tatu ni bounti ya fumbo. Hapa vichwa havilipwi mwanzoni. Ikifika hatua fulani, mara nyingi watu wakishaingia kwenye malipo, kila ukimtoa mtu unachagua bahasha ama sanduku. Nyingi zina pesa kidogo, chache zina pesa nono, moja ina ya kukubadilishia maisha. Mwaka 2022, kule Las Vegas kwenye World Series of Poker, kulikuwa na tonamenti ya aina hii ya tiketi ya $1,000. Matt Glantz, mchezaji wa Marekani, alifungua bounti ya $1,000,000. Mshindi wa tonamenti yenyewe, Quincy Borland, alipata karibu $750,000. Umeelewa hapo? Aliyeshinda mashindano alipata kidogo kuliko kichwa kimoja.

Stori kama hizo ndizo zinafanya watu wapagawe. Wanasikia "bounti" wanafikiri ni ruhusa ya kuitikia kila kitu. Sivyo. Bounti inakupa punguzo, na punguzo si bure. Maswali matatu yanakuonyesha ni punguzo la kiasi gani.

Swali la kwanza: je, unamfunika?

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Huwezi kumtoa mtu mwenye chipu nyingi kuliko wewe. Kama una 6,000 na yeye ana 30,000, ukishinda mkono huo atabaki na 24,000, na kichwa chake bado kiko shingoni. Wewe umebeba chipu tu. Lakini yeye akishinda, anachukua kila kitu, chipu na kichwa chako.

Kwa hivyo kwenye mkono mmoja, watu wawili wanacheza michezo miwili tofauti. Mwenye rundo kubwa anacheza poka ya bounti. Mwenye rundo dogo anacheza poka ya kawaida, tena akiwa amebeba nyama mgongoni mbele ya simba.

Hii inakupa somo mbili. Moja, kama mpinzani anakufunika, sahau kichwa chake kabisa. Usikubali macho yako yaende kwa ile namba ya 3,500 kando ya jina lake. Hesabu zako ni zilezile za tonamenti ya kawaida. Mbili, kuwa na chipu nyingi kwenye meza kuna thamani zaidi hapa kuliko kwingine. Mwanzoni wote mnalingana, hivyo hata kushinda poti ndogo tu kunakuweka juu ya jirani yako. Kuanzia hapo wewe unaweza kumtoa kwa mkono mmoja, yeye hawezi.

Swali la pili: kichwa chake ni chipu ngapi?

Bob na chipu ni vitu viwili tofauti, na ili uamue mezani lazima ubadilishe kimoja kiwe kingine. Ni kama kujua bei ya dola kabla ya kununua kiatu mtandaoni.

Tuseme tonamenti yetu ni PKO na kila mtu alianza na chipu 15,000. Kichwa cha 1,000 kinakupa 500 mkononi. Hiyo 500 ni chipu ngapi?

Ukiipima na 1,000 ya zawadi peke yake, 500 ni nusu, kwa hivyo ni kama chipu 7,500. Ukiipima na 2,000 yote uliyoweka kwa zawadi na vichwa, ni robo, kama chipu 3,750. Ukweli unaanguka katikati, na ndio sababu wachezaji wengi wanatumia kanuni rahisi: kichwa kimoja cha kuanzia ni kama theluthi moja ya rundo la kuanzia. Kwetu ni chipu 5,000.

Shika hiyo namba kabla tonamenti ianze. Rundo la kuanzia, gawanya kwa tatu, basi. Kichwa kikikua mara mbili, thamani inakua mara mbili. Kichwa cha 3,000 ni kama chipu 15,000.

Kwa bounti ya fumbo unatumia wastani. Kama zimebaki bahasha 40 zenye jumla ya 80,000 bob, kila kichwa ni 2,000. Lakini ile kubwa ya 30,000 ikishafunguliwa, zinabaki bahasha 39 na 50,000, na kila kichwa kimeshuka hadi karibu 1,280. Wengi hawabadilishi gia hapo. Bado wanafukuza vichwa kwa bei ya jana.

Swali la tatu: unalipa ngapi kukitafuta?

Hapa ndipo wengi wanachomeka. Kichwa kina bei moja, lakini gharama ya kukifuata si moja.

Turudi kwa jamaa wa kofia. Blaindi ni 300 na 600, na wewe ndiye uliyeweka ile kubwa. Pia kuna ante ya 600. Yeye amemwaga 6,000. Ukijumlisha, poti ina 7,500. Wewe tayari una 600 ndani, kwa hivyo unahitaji kuongeza 5,400. Ukiitikia, poti yote itakuwa 12,900.

Hesabu ni hii: gawanya unacholipa kwa poti itakayokuwa. 5,400 kwa 12,900 ni asilimia 42. Yaani kwenye tonamenti ya kawaida, lazima kadi zako zishinde angalau mara 42 kwa 100 ndio usiwe unapoteza.

Sasa ongeza kichwa. Unamfunika, na kichwa chake ni cha 1,000, sawa na chipu 5,000. Zawadi ya katikati sasa ni 17,900. 5,400 kwa 17,900 ni asilimia 30. Umepewa punguzo la alama 12.

Je, 9 na 7 zinashinda mara ngapi? Inategemea ameshika nini. Akiwa na A na K, unashinda kama mara 36 kwa 100. Akiwa na 5 mbili, ni karibu nusu kwa nusu. Akiwa na Q mbili, uko chini ya mara 20. Mtu aliyebaki na blaindi kubwa kumi tu huwa anamwaga kadi nyingi za kila aina, si Q mbili peke yake. Ukichanganya zote, unaanguka mahali fulani katikati ya thelathini na arobaini.

Chini ya 42. Juu ya 30.

Basi jibu ndilo hilo. Kwenye tonamenti ya kawaida unatupa. Hapa unaitikia, na hauitikii kwa sababu una roho ngumu, unaitikia kwa sababu hesabu imekubali. Utapoteza mara nyingi kuliko utakavyoshinda, na bado umecheza vizuri.

Lakini badilisha kitu kimoja tu

Tuseme jamaa wa kofia hakuwa na 6,000. Alikuwa na 24,000, na amezimwaga zote. Bado unamfunika, kichwa chake bado ni 1,000. Kadi zako bado ni 9 na 7.

Sasa unahitaji kuongeza 23,400. Poti itakuwa 48,900. Bila kichwa unahitaji asilimia 48. Ukiongeza zile chipu 5,000 za kichwa, unahitaji asilimia 43. Punguzo limekuwa alama tano tu, haliwezi kuokoa 9 na 7. Unatupa, unanyamaza.

Ni jamaa yuleyule, kichwa kilekile, kadi zilezile. Kilichobadilika ni gharama. Na bado utaona msee akiweka chipu 23,000 kwa kadi za ovyo akisema, "Si ana bounti?" Ana bounti, ndio. Lakini umelipa bei ya gari kununua tairi.

Na kinyume chake pia ni kweli. Akiwa na 6,000 halafu kichwa chake kimenona hadi 3,000, hesabu inakuwa 5,400 kwa 27,900. Unahitaji asilimia 19 tu. Hapo hata 7 na 2, kadi ambazo kila mchezaji wa Hold'em anazicheka, unaitikia. Kichwa kinono kwenye rundo dogo ndicho chakula bora kwenye meza. Kichwa chembamba kwenye rundo kubwa ni mtego.

Ukiwa wewe ndio chakula

Kuna siku utakuwa jamaa wa kofia. Ni wengi wanaosoma jinsi ya kuwinda na hawasomi jinsi ya kuwindwa.

Kwenye tonamenti ya kawaida, ukiwa na chipu kidogo silaha yako ni kumwaga zote ukitumaini wengine wataogopa na kutupa. Unaiba blaindi, unapumua. Kwenye bounti silaha hiyo imeisha makali. Umeona hesabu: wenye rundo kubwa wanaweza kukuitikia na 9 na 7 na wako sawa kabisa. Kwa hivyo punguza uongo. Mwaga na kadi ambazo hazitaabika zikiitikiwa: A na chochote, pea yoyote, K na kadi nzuri. Achana na zile 6 na 5 za kujaribu bahati. Zinapendeza mtu akitupa, na hapa hakuna anayetupa.

Habari njema ni kwamba ukipata kadi kali kweli, utalipwa. Ukiwa na K mbili na kichwa kinono, usicheze pole pole ukijificha. Mwaga. Watakuja wenyewe.

Pia angalia nani bado hajacheza nyuma yako. Ukipandisha na kuna mwenye rundo kubwa anangoja, jua ana sababu ya ziada ya kukuvamia. Ukiona waliobaki wote ni wadogo kuliko wewe, panua mabawa.

Makosa manne yanayomaliza watu

*Kuchelewa kuingia.* Tonamenti nyingi zinakuruhusu kuingia hata saa moja ama mbili baada ya kuanza, na kuna watu wanaona ni ujanja. Kwenye bounti hiyo ni hasara. Wakati wewe unamalizia mutura, wale wachezaji wabovu wanatolewa na vichwa vyao vinachukuliwa. Unafika umelipa bei ileile, na chipu zako ni chache ukilinganisha na wengine. Humfuniki mtu.

*Kuongea kwenye mkono.* Mtu mdogo amemwaga, na nyinyi wawili mmeitikia. Mkicheza kimya bila kubet tena, ni uamuzi wa kila mmoja. Lakini ukimwambia mwenzako "tumtoe huyu kwanza," hiyo ni kula njama, na unaweza kuadhibiwa ama kutolewa kabisa. Na kumbuka, kwenye bounti hamko timu moja. Ni mmoja wenu tu atakayechukua kichwa. Ukiwa na kadi kali, bet, mwondoe mwenzako, ubaki na mawindo peke yako.

*Kutojua kichwa ni cha nani.* Watatu wamemwaga: mdogo ana 2,000, wa kati ana 8,000, wewe una 20,000. Kuna poti mbili hapo: kubwa ya wote watatu, na ya pembeni kati yako na wa kati. Kichwa cha mdogo kinaenda kwa anayeshinda poti ya wote. Kichwa cha wa kati kinaenda kwa anayeshinda ile ya pembeni. Kwa hivyo mdogo anaweza kushinda yake na kubaki, na wewe bado ukamtoa wa kati na kulipwa. Mkigawana poti, mnagawana kichwa. Jua haya kabla ya kuanza kupigia dila kelele.

*Kusahau zawadi za mwisho.* Mkibaki wachache, kila anayetoka anakupandisha ngazi ya malipo. Tuseme kuna wawili wenye chipu kidogo sana kwenye meza, na wakitoka wewe unapanda kwa 4,000 bob. Halafu mtu wa kati, mwenye kichwa kitakachokupa 750 mkononi, anamwaga rundo linalokaribia lako. Kweli utahatarisha kila kitu kwa 750 wakati 4,000 inakuja ukikaa tu? Linganisha pesa kwa pesa. Lakini mkibaki wawili wa mwisho kwenye PKO, kumbuka mshindi anachukua kichwa cha mwenzake na chake pia. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye orodha ya zawadi. Hapo pigana.

Hesabu moja ya mwisho, na hii ni ya mfukoni

Wakiingia watu 100, watakaotolewa ni 99. Maana yake vichwa vya kuchukuliwa ni 99, kwa watu 100. Kwa wastani kila mtu anapata kichwa kisichofika kimoja. Ukimwona jamaa ana vitano, jua kuna watano ama zaidi wanaoenda home bila hata kimoja. Usiku mwingi, mmoja wa hao utakuwa wewe. Hata ukicheza vizuri. Hata kama ulijibu maswali yote matatu sawasawa, maana asilimia 36 bado ni kupoteza mara 64.

Na nyumba ilishachukua 200 yake kwa kila tiketi kabla kadi ya kwanza igawanywe. Hiyo haipotezi kamwe.

Mtego mkubwa zaidi ni kuingia tena. Umetolewa, damu imechemka, na dirisha bado liko wazi. Unalipa 2,200 ya pili. Halafu ya tatu. Hiyo ni 6,600, na kuna keja mtaani ambayo hiyo ndiyo rent ya mwezi mzima. Kila ukirudi, unaweka kichwa kingine kipya mezani ili wengine wakile. Wewe ndio bounti, buda.

Kwa hivyo amua kabla hujatoka kwa nyumba: ni tiketi ngapi usiku huu? Moja? Mbili? Beba pesa hiyo tu, na simu ibaki bila ya ziada. Iwe ni pesa ambayo ikipotea, kesho utakula, utapanda mat, na landlord hatakupigia. Kama ni ya rent, ya fees, ama ya kukopa kwa app, hiyo si tiketi, hiyo ni shida unajinunulia. Kama hujafika miaka 18, sheria ya Kenya haikuruhusu, soma hii ukiwa na njugu na ucheze na marafiki bila pesa. Hesabu ni zilezile na hakuna mtu atalia.

Ukikaa mezani, mtu akimwaga zote na macho ya wote yakigeukia kwako, pumua kwanza. Namfunika? Kichwa chake ni chipu ngapi? Nalipa ngapi? Majibu yakikubali, itikia hata na 9 na 7, na ukipoteza usijilaumu. Yakikataa, tupa, hata kama kichwa chake kinang'aa kama taa za Moi Avenue.

Jamaa wa kofia naye anafanya hesabu zake. Na kichwa kimojawapo anachokiangalia ni chako.